Maneno ya Bima na Barua ya Kuvunja Bima
(Hotuba ya karani wa chama, iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka)

Naanza kwa kuungama. Mzee mmoja miongoni mwenu, ambaye barua zake hupitia sanduku la posta la chama chetu, aliandikiwa na kampuni aliyokata kwayo bima ya moto ya duka lake. Barua ilikuwa ya Kiingereza. Mimi nilidhani ni risiti tu, nikaiacha mezani. Kumbe ilisema ya kwamba baada ya siku 14 bima itavunjwa. Siku ya 16 duka likaungua, na mzee hakupata hata senti moja. Amenisamehe, lakini nasema leo ili jambo hilo lisimpate mwingine.

Hati ya bima ni mapatano yaliyoandikwa. Ada ni fedha alipazo mwenye bima. Na sheria ya bima ya Kenya yakataza kampuni kuchukua dhima kabla ya kupokea ada. Basi neno “nitalipa mwisho wa mwezi” si bima. Fidia ni kumrudisha mtu pale alipokuwa kabla ya hasara, wala si faida. Mwenye duka la shilingi 300,000 akiandika 600,000, hatalipwa zaidi ya hasara yake. Akiandika 150,000, aweza kulipwa nusu tu ya hasara, hata kama ni ndogo. Tena yako mambo yaliyotengwa, ambayo hayalipwi kamwe. Yasomeni kabla ya kutia sahihi. Na jibu la uongo katika fomu ya maombi laweza kubatilisha hati nzima.

Barua ya kuvunja bima itazamwe kwa mambo matatu: tarehe, sababu na fedha. Kampuni ikivunja yenyewe, kwa desturi hurudisha ada ya siku zilizosalia: aliyelipa 12,000 kwa mwaka, bima ikavunjwa baada ya miezi 3, hudai 9,000. Mwenye bima akivunja mwenyewe, huenda akakatwa zaidi. Lakini mwaka wa bima ukiisha, bima hukoma yenyewe, hata pasipo barua.

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali mambo mawili. Kwanza, karani aandike daftarini kila barua siku ifikapo, na mwenyewe apelekewe siku hiyo hiyo. Pili, kila mwanachama aliyehama aipe kampuni anwani yake mpya, kwani barua hutumwa kwenye anwani iliyo katika hati. Aliyedhulumiwa aweza kushtaki kwa Halmashauri ya Serikali isimamiayo bima, iliyoanza kazi mwaka 2007.

Wazee wetu walisema, tahadhari kabla ya hatari. Mimi nilijifunza baada ya hatari, kwa mali ya mwenzangu.