Wapigaji wa Zilizopendwa Hutoka Wapi?

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi kuhusu muziki na burudani katika kaunti



Jumamosi jioni, iwe ni Nakuru mjini, Naivasha, Gilgil au Molo, si vigumu kupata bendi inayopiga zilizopendwa. Wateja huagiza nyimbo za Les Wanyika, za Them Mushrooms au za Wakongo, kisha meza zinasukumwa kando. Wapo wanaozidharau bendi hizi kwa kusema kwamba hupiga kopi tu, nyimbo za wenyewe. Kabla ya kukubali maneno hayo, ni vyema kuuliza wapigaji hao walijifunzia wapi, na wale wanaowaiga walianzia wapi.

Jibu la swali la pili linashangaza. Simba Wanyika iliongozwa na ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, ambao kabla ya kuvuka mpaka waliwahi kupiga na Jamhuri Jazz. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki walijitoa wakaunda Les Wanyika, bendi iliyojulikana kwa sauti ya John Ngereza na gita la ridhimu la Omar Shabani. Hakuna aliyeanza na bendi yake mwenyewe. Kila mmoja alipita katika bendi ya watu wengine, akipiga nyimbo alizozikuta.

Them Mushrooms ni hivyo hivyo. Ndugu hao wa ukoo wa Harrison walijijenga katika hoteli za kitalii za Pwani, mahali ambapo mgeni huomba wimbo anaoujua na bendi inalazimika kuujua pia. Kutokana na kazi hiyo Teddy Kalanda Harrison alitunga “Jambo Bwana” mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1983 kundi la Boney M la Ulaya likautoa kwa mtindo wake. Waliokuwa wakikopi wakawa wanakopiwa.

Fundi Konde naye alipata sehemu ya uzoefu wake jeshini. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa katika kikosi cha burudani cha King's African Rifles, akiwatumbuiza askari mbali na nyumbani.

Hata hapa jirani ipo kopi ambayo dunia nzima inaijua. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, Kericho, na mitambo yake ya kurekodi. Kabla ya hapo, gramafoni na sahani za santuri zilikuwa zimefikisha nyimbo za Jimmie Rodgers wa Marekani kwa Wakipsigis. Jina lake likageuka kuwa Chemirocha, na wasichana wakaimba kumhusu kiumbe huyo, nusu mtu nusu paa, wakisindikizwa na chepkong, ala yao ya nyuzi. Hawakumwiga Rodgers neno kwa neno. Walichukua walichosikia wakakifanya kuwa chao. Miaka zaidi ya 60 baadaye, rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet kwa juhudi za maktaba ya muziki ya ILAM ya Afrika Kusini na Ketebul Music ya Nairobi, na wazee wakazisikia tena.

Sasa swali la kwanza. Wapigaji wa leo wa Bonde la Ufa ya Kati wengi wao hupitia njia zile zile nne au tano. Mpiga kinanda hutoka kanisani, ambako amezoea kumfuata mwimbaji anayebadilisha sauti bila kutoa taarifa. Mwimbaji mara nyingi alisimama jukwaani kwa mara ya kwanza katika Tamasha la Muziki la Kenya, linalofanyika tangu mwaka 1927. Wapiga tarumbeta na saksafoni wengi wamepitia bendi za polisi, jeshi au Jeshi la Wokovu, na ndio husoma nota vizuri. Mpiga gita kwa kawaida amejifunza kwa kaka, kwa jirani, au kwa kurudia wimbo mmoja redioni hadi vidole vikazoea.

Wakikutana watu hawa, mmoja ana nota, mwingine ana sikio, mwingine anajua kuongoza umati. Wimbo wa kopi ndio unaowaunganisha, kwa sababu wote wanaujua.

Lakini lipo jambo linalopotea. Wimbo “Malaika” ulirekodiwa na Fadhili William na umeimbwa na Miriam Makeba na Boney M, lakini ubishi kuhusu nani hasa aliutunga haujaisha. Jina lisipotajwa jukwaani wala kuandikwa, familia ya mtunzi ndiyo hupata hasara. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo mwenye hoteli anayealika bendi anapaswa kuwa na leseni ya kutumbuiza nyimbo hizo hadharani, na bendi nayo haipungukiwi na kitu ikimtaja mtunzi kabla ya kuanza.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, shughuli za utamaduni, burudani za umma na udhibiti wa kelele ni kazi za serikali za kaunti. Ndiyo maana suala hili ni la wakazi, si la wanamuziki peke yao. Mwenye ukumbi azingatie masharti ya kelele ili jirani alale. Mzazi ambaye mtoto wake anashikilia gita asiharakishe kulificha. Kanisa lenye vyombo liwaruhusu vijana kufanya mazoezi siku za wiki. Na mwenye baba au babu aliyewahi kupiga katika bendi amkalishe chini sasa, amrekodi kwa simu: alipiga wapi, na nani, nyimbo zipi, na nani alizitunga. Simu ya kawaida inatosha, na kazi hiyo haihitaji kusubiri bajeti.