Kupanda Baiskeli Penye Magari ya Mbio



Barabara kuu itokayo Isebania, mpakani mwa Kenya na Tanzania, hupita Migori, Awendo na Rongo, kisha huendelea hadi Kisii na Kisumu. Pale Rongo huchepuka barabara nyingine iendayo Homa Bay, kando ya Ziwa Victoria. Katika njia hizi hupita malori ya mizigo, matatu, pikipiki, na matrekta yakokotayo matela ya miwa kwenda kiwandani Awendo. Na katika njia hizo hizo hupita mtu mwenye baiskeli, amefunga nyuma kikapu cha samaki, gunia la makaa au mitungi ya maji. Wote wana haki ya barabara, lakini huyu hana bati la kumkinga. Kinga yake ni wakati, yaani zile sekunde chache alizo nazo dereva za kumwona na kupunguza mwendo. Mwenye busara hujitahidi kuziongeza.

Jambo la kwanza ni upande. Wako wanaodhani ni heri kupanda baiskeli upande wa kulia, ili wayaone magari yajayo. Shauri hilo ni jema kwa aendaye kwa miguu, maana yeye aweza kutoka barabarani kwa hatua moja. Kwa mwenye baiskeli halifai. Na ifanywe hesabu. Lori haliruhusiwi kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na baiskeli huenda yapata kilomita 15. Vikikabiliana, mita 100 zilizo kati yao humalizika kwa muda usiotimia sekunde 4. Vikielekea upande mmoja, mita hizo hizo huchukua sekunde 5 na nusu. Muda huo uliozidi waweza kuokoa maisha ya mtu. Kwa hiyo baiskeli na ishike kushoto, kama vyombo vyote katika Kenya.

Jambo la pili ni ukingo wa lami. Mara nyingi honi ikilia, mwenye baiskeli hushtuka akatumbukia nje. Mahali palipomomonyolewa na mvua, gurudumu hushuka kwa ghafula na mzigo humwangusha. Yafaa achague mapema mahali palipo sawa, ashuke polepole. Akitaka kurudi, asipandishe gurudumu kwa kuambaa ukingo, maana litateleza na kumtupa barabarani. Asimame, atazame nyuma, kisha aiinue baiskeli na kuiweka juu ya lami. Trekta la miwa likipita, angoje hata tela la mwisho lipite, kwa kuwa matela huyumba na miwa hutokeza nje.

Jambo la tatu ni kuonekana. Katika nchi hizi zilizo karibu na ikweta, jua likishatua giza huingia upesi. Barabara ya kutoka Homa Bay kwenda Mbita huelekea magharibi, na jua la jioni humpiga dereva machoni hata asione vizuri kilicho mbele yake. Nguo nyeupe husaidia, na taa husaidia zaidi. Lakini taa ya dainamo huzimika baiskeli isimamapo; kwa sababu hiyo kile kioo chekundu cha nyuma hakina budi kuwapo, tena kiwe safi, kisifunikwe na gunia.

Jambo la nne ni breki. Mvua ikinyesha, rimu za chuma hulowa na breki hazishiki upesi. Mteremkoni yampasa mtu kuanza kufunga breki mapema kuliko siku ya jua, hasa akiwa na mzigo. Na atakaye kugeuka kulia penye magari mengi, asikate njia mbele yao. Asimame kushoto, ashuke, avuke kwa miguu njia ikiwa wazi.

Lakini kazi hii si ya mwenye baiskeli peke yake. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja. Liendalo kilomita 50, ambao ndio mwisho wa mwendo mijini, halifikishi mita 14. Dereva apunguzaye mwendo humpa mwenzake sekunde ambazo huyo hawezi kujipatia mwenyewe. Basi na ampite kwa nafasi ya kutosha, wala asimpigie honi akiwa tayari mgongoni pake. Na wenye vibanda wasiizibe kando ya barabara kwa bidhaa zao, maana wafanyapo hivyo humsukuma mwenye baiskeli katikati ya magari.

Kila asubuhi, kabla ya kutoka, na zitazamwe breki, kengele, taa na kamba za mzigo. Samaki waliochelewa sokoni huuzwa kwa bei ya chini, na hasara hiyo hulipika kesho. Mtu aliyefia barabarani halipiki.