Sarufi ya Hitilafu: Kiswahili cha Waundaji wa Kompyuta za Nyumbani



1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na kompyuta umetawaliwa kwa muda mrefu na suala la majina. Kifaa chenyewe kiitweje: kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Neno tarakilishi lilipata makao katika shule za Kenya. Neno ngamizi, ambalo kisauti liko karibu mno na kitenzi angamiza, halikuenea sana katika usemi wa kila siku. Kompyuta likaendelea kutumiwa na watu wengi, wasomi kwa wasiosoma. Mjadala huo ulikuwa na manufaa yake. Mwaka 2004, kwa mfano, mradi wa Kilinux ulioendeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Kazi hiyo isingewezekana pasipo orodha ya istilahi.

Hata hivyo, mtu anayeketi sakafuni usiku, bisibisi mkononi, mbele ya kompyuta aliyoiunga mwenyewe na ambayo haitaki kuwaka, hana shida ya majina. Anaweza kukionyesha kila kipande kwa kidole. Shida yake ni kueleza kilichotokea, ili mwenzake mwenye ujuzi aweze kumsaidia. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba katika kazi hiyo ya kueleza hitilafu, nguvu ya Kiswahili imo katika vitenzi zaidi kuliko katika nomino, na kwamba nguvu hiyo haijatumiwa ipasavyo katika kufundisha.

2.0 Chimbuko la kazi ya kusaidiana

Desturi ya watu wa kawaida kujiundia kompyuta nyumbani kwa msaada wa wapenzi wenzao haikuanzia Afrika Mashariki. Mwezi Januari 1975, gazeti la Marekani liitwalo Popular Electronics liliitangaza kompyuta ya Altair 8800, iliyouzwa kwa bei ya chini ya dola 400 ikiwa vipande vipande. Mnunuzi alipaswa kulehemu vipande hivyo mwenyewe. Kompyuta hiyo haikuwa na kibodi wala skrini. Ilikuwa na safu za swichi na taa ndogo, na kumbukumbu yake ya awali ilikuwa baiti 256 tu. Aliyekosea kulehemu sehemu moja alibaki na sanduku lisilofanya kazi, wala hakuwa na fundi wa jirani wa kumkimbilia, kwa kuwa mafundi wa vyombo hivyo walikuwa bado hawajatokea.

Tarehe 5 Machi 1975, watu wapatao thelathini walikusanyika katika gereji ya Gordon French, mjini Menlo Park, California. Mkutano huo ulizaa chama kilichojulikana kama Homebrew Computer Club. Miongoni mwa waliohudhuria siku ile alikuwamo Steve Wozniak, aliyebuni kompyuta ya Apple I iliyotoka mwaka 1976. Baadaye mikutano hiyo ilikuwa na utaratibu wa sehemu mbili. Kwanza, kila aliyetaka alisimama akaeleza alicho nacho, anachokitafuta, na kilichomshinda. Kisha kikao kilivunjwa ili waliosikiana watafutane.

Katika utaratibu huo msaada ulifuata maelezo. Aliyejua kueleza tatizo lake alipata wa kumsaidia, na asiyejua alirudi nyumbani na sanduku lake. Kanuni hiyo haikubadilika vifaa vilipobadilika, na ndiyo inayotawala hata pale ambapo kazi hii hufanyika kwa Kiswahili.

3.0 Kompyuta isiyowaka

Ili kuona jinsi lugha inavyoingia katika kazi hii, ni vema kutazama kwanza kazi yenyewe. Kompyuta ya mezani ya leo ina sehemu kuu chache: ubao mkuu, ambao mafundi wengi huuita mazabodi; prosesa pamoja na kipozeo na feni yake; kumbukumbu; diski; pawasaplai inayogawa umeme; na kasha la kuvibeba vyote. Mwundaji hana haja ya kulehemu tena. Huchomeka, hufunga kwa skrubu, na huunganisha nyaya. Lakini makosa bado ni mengi.

Chukuliwe mfano wa kijana wa Tanga aliyeunga kompyuta yake ya kwanza kwa vipande alivyovinunua kimoja kimoja kwa muda wa miezi kadhaa. Anabonyeza kitufe, hapati picha. Anampigia simu mtu aliyemtangulia katika kazi hii.

"Shikamoo kaka. Kompyuta imekufa."

"Marahaba. Imekufaje? Feni zinazunguka?"

"Zinazunguka."

"Inalia?"

"Hailii. Na skrini haioneshi kitu."

"Ule waya wa umeme wa prosesa, ule mfupi unaoingia pembeni juu ya ubao, umeuchomeka?"

Hakuwa ameuchomeka. Ubao mkuu hupokea umeme kwa njia mbili: plagi kubwa, na plagi nyingine ndogo ya prosesa peke yake. Ile ya pili isipochomekwa, feni huzunguka na taa huwaka, lakini prosesa haina umeme na hakuna kinachoendelea. Neno "imekufa" lilimwambia kaka yule jambo moja tu, yaani kwamba mdogo wake amehuzunika. Vitenzi vitatu, "zinazunguka", "hailii" na "haioneshi", ndivyo vilivyomfikisha kwenye waya.

Maelezo mengine yangempeleka kwingine. Kama kijana angesema, "Inawaka, inalia mfululizo, lakini haitoi picha," mawazo yangeelekea kwanza kwenye kumbukumbu, ambayo mara nyingi huwa haikuingia sawasawa katika nafasi yake. Maana ya milio hutofautiana baina ya watengenezaji, na bao nyingi za siku hizi hutumia taa ndogo badala ya mlio. Hata hivyo, kule kulia kwenyewe ni habari, maana prosesa isiyo na umeme haiwezi kulalamika. Kama angesema, "Inafanya kazi dakika chache kisha inajizima," joto lingeshukiwa: pengine kipozeo hakikukaza juu ya prosesa, au karatasi ya plastiki iliyokifunika haikubanduliwa. Na kama angesema, "Haioneshi dalili yoyote," uchunguzi ungeanzia kwenye soketi ya ukutani, swichi iliyo nyuma ya pawasaplai, na nyaya za kitufe cha kuwashia.

4.0 Hazina iliyomo katika kitenzi

Mifano hiyo inaonyesha kwamba mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili unaweza kubeba uchunguzi wa kifundi ndani ya neno moja. Kitenzi zima kinatosha kuwa kielelezo. "Kompyuta imezimwa" humaanisha kwamba yuko aliyeizima. "Kompyuta imezimika" huelekeza kwenye hali iliyoipata, kama vile umeme kukatika. "Kompyuta imejizima" huipa mashine yenyewe utendaji, nayo ni kauli sahihi kifundi, kwa kuwa prosesa za kisasa zimeundwa zijilinde: joto likizidi kiwango, mashine hujizima kabla haijaungua. Kauli hizo tatu zinaelekeza mahali patatu tofauti, yaani kwa mtu, kwenye umeme na kwenye joto, na tofauti yote imebebwa na viambishi.

Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya haraka wasemaji wengi husema "imezima" kwa hali zote hizo. Ukweli huo hauiondoi tofauti katika lugha. Unaonyesha tu kwamba wasemaji hawajazoezwa kuitumia mahali inapowafaa.

Ukanushaji nao una kazi yake. "Haiwaki" hueleza hali ya kudumu: imejaribiwa, na tabia yake ni hiyo. "Haikuwaka" huzungumzia tukio moja, na kuacha uwezekano kwamba mara nyingine iliwaka. "Haijawaka" huacha mlango wazi. Pengine bado inajiandaa, kama zifanyavyo baadhi ya kompyuta mpya ambazo huchukua dakika kadhaa kuipima kumbukumbu zinapowashwa kwa mara ya kwanza. Mwundaji asiyetofautisha "haiwaki" na "haijawaka" anaweza kuchomoa waya wakati mashine imo katikati ya kazi.

Viambishi -ka- na -ki- hukamilisha hazina hiyo. Kiambishi -ka- hupanga matukio kwa mfuatano: "Nilibonyeza kitufe, feni zikazunguka, taa ikawaka, kisha vyote vikasimama." Msikilizaji anajua kilichotangulia na kilichofuata, na mfuatano ndio msingi wa uchunguzi wa hitilafu. Kiambishi -ki- huunganisha sharti na tokeo: "Ikipata joto hujizima, ikipoa huwaka tena." Sentensi hiyo ya maneno sita ni ripoti kamili ya kifundi. Aliyeitamka amekwisha kutofautisha hitilafu ya joto na hitilafu ya waya, hata kama hajui jina la kipande chochote.

5.0 Lugha, lawama na kuazimana

Uchaguzi wa kitenzi una uzito pia katika uhusiano wa watu. Pawasaplai nyingi za zamani zilikuwa na swichi ndogo ya kuchagua volti 115 au 230. Umeme wa majumbani Tanzania na Kenya uko katika kiwango cha volti 230 hadi 240. Pawasaplai iliyoachwa kwenye 115, kama inavyotumika Marekani, ikichomekwa katika soketi ya Dar es Salaam au Mombasa, hupasuka kwa kishindo. Hapo ndipo sarufi inapogeuka kuwa kesi. Mwenye mali husema, "Ameiunguza." Aliyechomeka husema, "Imeungua." Kitenzi cha kwanza kina mtenda, nacho kinadai fidia. Cha pili hakina mtenda, kinaomba huruma. Kila mmoja amechagua mnyambuliko unaomfaa, na mara nyingi mabishano yanayofuata huwa juu ya mnyambuliko huo.

Hata hivyo, lugha hii ina nyenzo ya amani pia. Kauli ya kutendana hutawala maisha ya waundaji wa kompyuta: huelekezana, huazimana, hupimiana. Njia bora ya kuthibitisha kwamba kipande fulani kimeharibika ni kuweka kipande kizima mahali pake na kutazama. Mtu mmoja mwenye kompyuta moja hana kipande cha pili, hivyo hulazimika kuazima kumbukumbu au pawasaplai kwa mwenziwe. Kuazimana, katika kazi hii, ni njia ya uchunguzi. Kanuni yake ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Abadilishaye viwili kwa pamoja huenda akaipata kompyuta yake lakini hatalipata jibu. Mipaka yake nayo yapaswa kusemwa waziwazi: pawasaplai haifunguliwi na asiye fundi, kwa maana huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

6.0 Darasa na karakana

Nchini Tanzania, mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma hufundishwa kwa Kiswahili, kisha huingia sekondari na kukuta masomo kwa Kiingereza. Kijana wa mfano uliotolewa hapo juu anaweza kusema, "Ikipata joto hujizima," na akawa amefanya uchunguzi sahihi. Siku ya pili, darasani, anaulizwa swali lilelile kwa Kiingereza na hana la kusema. Mwalimu huandika kwamba hajui. Kumbe anajua, ila ujuzi wake umehifadhiwa katika viambishi vya lugha ambayo mtihani hauisikilizi. Huo ndio upotevu unaopaswa kuwasumbua wanaisimu, zaidi ya swali la kama mazabodi liandikwe katika kamusi au likataliwe.

Orodha za istilahi ziendelee kutungwa. Lakini kando ya kila orodha ya nomino yafaa iwepo orodha ya vitenzi vya hitilafu pamoja na minyambuliko yake: waka, zima, ganda, kwama, ungua, lia, piga shoti. Wanafunzi wa isimu waende karakana na gereji, wasikilize na kuandika namna mafundi wanavyoulizana na kujibizana. Walimu wa Kiswahili nao, wanapofundisha kauli ya kutendeka na ya kutendana, wanaweza kuiacha mifano ya kikombe kuvunjika na watoto kupigana, wakawapa wanafunzi kompyuta isiyowaka wakaieleze.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba msaada hufuata maelezo, tangu gereji ya Menlo Park mwaka 1975 hadi simu ya kijana wa Tanga. Imeonyeshwa pia kwamba Kiswahili, kwa viambishi vyake vya wakati, vya ukanushaji na vya mnyambuliko, kina uwezo wa kueleza hitilafu kwa usahihi bila kusubiri istilahi mpya. Maneno fundi, fundisha na mwanafunzi ni ya ukoo mmoja. Lugha iliyomweka fundi na mwanafunzi katika mzizi mmoja haina sababu ya kuwatenganisha mlangoni mwa darasa.