Damu ya Popo na Jina la Kimelea

Kwa heshima mliyonipa ya kufunga mafunzo haya ya maabara, nitasema jambo moja tu: kimelea kilichoonekana katika damu ya popo mla wadudu kisipewe jina kwa hadubini peke yake, wala kwa vinasaba peke yake. Huko Ulaya popo hao wana Trypanosoma dionisii, kimelea kinachoenezwa na kunguni wa popo. Kwenye slaidi hujikunja kama herufi C, na jicho haliwezi kukitenganisha na Trypanosoma cruzi, chanzo cha ugonjwa wa Chagas unaowasumbua watu wa Amerika ya Kusini. Mpimaji mwenye haraka ataandika jina la pili na kuutia mji hofu bure. Ni vinasaba vilivyowezesha popo wa Msumbiji kutupatia spishi mpya, T. erneyi mwaka 2012 na T. livingstonei mwaka 2013, zote zikiwa za ukoo wa karibu na cruzi bila kuwa cruzi.

Mtauliza, basi slaidi ya nini? Tazameni Polychromophilus, ndugu wa vimelea vya malaria. Huzaliana ndani ya viungo vya popo. Kwenye damu huonekana hatua moja tu, ile inayofyonzwa na nzi wasio na mabawa waishio kwenye manyoya yake. Vinasaba vitasema kimelea kipo, lakini havitasema kama kimefikia hatua hiyo. Slaidi iliyotiwa rangi ya Giemsa itasema, tena kwa tone moja, na popo mwenye uzito wa gramu 5 hana damu ya kugawa ovyo.

Wapo wanaolalamika kwamba wagonjwa wa malaria wanasubiri huku sisi tukihangaika na popo. Hadubini ni ileile, rangi ni ileile, na jicho lililozoea kutofautisha vimelea hivi halitapungukiwa kitu zahanati. Wengine wanahofu kwamba habari hizi zitawafanya watu wachome mapango. Hofu hiyo ina msingi, ila dawa yake ni jina sahihi: kimelea kikiitwa Polychromophilus, watu watajua kwamba nzi wanaokibeba wanawategemea popo, hawamfuati binadamu. Glavu ni lazima, hata hivyo. Mwaka 2007 mtalii aliyekwaruzwa na popo huko Tsavo alifariki kwa virusi vya Duvenhage, ndugu wa virusi vya kichaa cha mbwa.

Kila slaidi ihifadhiwe kwa namba moja na sampuli yake ya vinasaba. Baada ya kusema hayo, natamka kwamba mafunzo haya yamefungwa rasmi.