Jamaa Iliyorudi Kwao Yaomba Nini?

(Maneno yaliyonenwa mbele ya watu wa parokia na waalimu waliokusanyika kwa sikukuu ya jubilei)



Katika siku za jubilei ni desturi kuhesabu nyumba zilizojengwa, yaani makanisa na shule na zahanati. Hesabu hiyo mmekwisha kuisikia, wala hatutairudia. Sisi twataka kunena habari za nyumba zilizobomoka kwa ajili ya vita, na za watu walioomba msaada ili wazisimamishe tena. Watu hao si wageni kwetu. Ni wakimbizi wa Burundi. Sisi tukaao upande huu wa Ziwa Tanganyika tuliwaona walipokuja, tukauza na kununua nao sokoni, tukawaona walipofunga mizigo yao. Lakini yaliyowapata baada ya kuvuka mpaka na kurudi kwao, ni wachache kati yetu waliopata kuyafikiri. Nayo yana mafundisho makubwa kwa kila mtu apendaye kumsaidia mwenziwe.

Kwanza tukumbuke jinsi walivyotoka. Mwezi wa Aprili mwaka 1972 palitokea maasi upande wa kusini wa Burundi, katika Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wakauawa. Serikali ya wakati ule ikalipiza kisasi kilichopita kiasi. Wahutu wasio na hatia, hasa waliosoma, waalimu na wanafunzi na makarani, wakauawa kwa maelfu mengi. Wako wanaohesabu 100,000, na wako wanaohesabu hata 300,000. Waliopata njia wakakimbia, na wengi wao wakaja Tanzania. Serikali yetu, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi na chama cha makanisa kiitwacho TCRS, ikawapa ardhi porini: Ulyankulu mwaka 1972, Katumba mwaka 1973, na Mishamo mwaka 1978. Huko wakafyeka msitu, wakalima, wakavuna, hata wakawa wakiuza chakula kwa wengine.

Kisha mwezi wa Oktoba mwaka 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na vita vikaanza upya. Vita hivyo viliua watu wapatao 300,000. Maelfu wengine wakakimbilia kambi za Kigoma na za Ngara, kama Mtabila na Nduta na Lukole. Mapatano ya amani yalitiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000, baada ya kazi ndefu ya Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, na ya Nelson Mandela aliyeishika kazi ile baada yake. Basi tangu mwaka 2002 hata mwaka 2009 watu karibu 500,000 walirudi Burundi.

Hesabu kubwa hupita masikioni upesi. Kwa hiyo na tufikiri jamaa moja tu. Hatuitaji kwa jina, kwa kuwa ni mfano wa jamaa nyingi. Baba alitoka Rumonge mwaka 1972 akiwa mtoto wa miaka 10, ameshikwa mkono na mamaye. Alikaa kwanza Ulyankulu. Na watu walipozidi kule, jamaa yao ikahamishiwa Mishamo. Huko akakua, akaoa, akapata watoto sita. Mwaka 2007 watu wa makao yale matatu waliulizwa wanataka nini. Walikuwa wapata 218,000. Wanne katika kila watano walichagua kubaki na kuomba uraia wa Tanzania, na mmoja katika watano alichagua kurudi. Baba huyu alikuwa miongoni mwa waliorudi. Mtu atauliza, Kwa nini aondoke mtu mwenye shamba na nyumba? Ni kwa sababu mzee wake, hata siku ya kufa, hakuacha kutaja kilima chao, na mtoto aliyelelewa kwa jina la kilima hukiona kuwa deni.

Basi mwaka 2008 jamaa ile ikavuka mpaka. Ilipewa posho ya chakula cha miezi 6, na fedha za Burundi 50,000 kwa kila mtu, pamoja na vyombo vya nyumbani. Jamaa nyingi zilizojenga zilifyatua matofali yao wenyewe, kisha zikapewa mabati na milango. Msaada huo ulikuwa mwema, wala hatuwezi kuudharau, kwa maana mtu mwenye njaa hawezi kungoja maneno. Lakini tazameni kazi ya shamba. Muhogo hautosheki na miezi 6. Wataka karibu mwaka, na pengine zaidi. Kwa hiyo posho ilikwisha kabla shamba halijajibu. Na kwa jamaa nyingi lilikuwako jambo lililo zito kuliko hilo, kwamba shamba lenyewe halikuwapo.

Walipofika kilimani walikuta nyumba ya watu wengine. Baada ya mwaka 1972 ardhi ya waliokimbia, hasa kando ya ziwa panapostawi michikichi, ilikuwa imegawiwa wengine. Wengine walipewa na serikali, wengine walinunua kwa fedha zao, wengine walizaliwa pale pale wala hawakujua habari za zamani. Walipanda michikichi, wakazika wazazi wao katika udongo ule. Je, twaweza kuwaita wezi? Wala aliyerudi hakuwa mwongo alipowaonyesha watu mahali alipozaliwa. Hapo palikuwa na jamaa mbili, kila moja ina haki yake na kila moja ina watoto, na shamba ni moja. Tena Burundi ni nchi ndogo yenye watu wengi, na karibu watu 9 katika 10 hula kwa jembe. Mtu akikosa ardhi kule amekosa kazi na chakula, hata na mahali pa kuzikwa.

Sheria nazo zilivutana. Sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ilimlinda mtu aliyekalia ardhi muda wa miaka 30. Na aliyerudi mwaka 2008 alikuwa ametoka miaka 36. Lakini mapatano ya Arusha yalisema kwamba mkimbizi arudishiwe mali yake, au alipwe fidia ya haki. Kwa ajili ya mambo hayo serikali ya Burundi iliweka tume ya ardhi mwaka 2006, na mkuu wake wa kwanza alikuwa padre, Abbé Astère Kana. Katika siku zake tume ilipenda zaidi kuzipatanisha jamaa mbili ili zigawane shamba. Baadaye, tangu mwaka 2011, chini ya mkuu mwingine, tume ilielekea kumrudishia aliyekimbia shamba lote. Na waliotolewa wakanung'unika kwamba sasa wao ndio waliofanywa wakimbizi. Kazi ya tume hiyo ilikoma mwaka 2022.

Hatukusimama hapa kuwahukumu wenzetu. Lakini twaweza kuzipima njia zile mbili. Kumrudishia mmoja yote ni kumfukuza mwingine, na jamaa iliyofukuzwa hufundisha watoto wake uchungu. Kugawana nako si dawa ya kila ugonjwa. Chukueni shamba dogo, likateni vipande viwili, kisha kila kipande wagawiwe wana wanne au watano: kila mmoja atapata mahali pa kusimama, asipate mahali pa kulima. Na binti je? Kwa desturi ya kule wanaorithi ardhi ni wana wa kiume. Basi mjane aliyerudi na mabinti watupu alikuwa na neno gumu kuliko wote. Hata hivyo, waliogawana kwa kuridhika walipata kitu kisichopatikana kwa amri, nacho ni jirani. Mtu mwenye jirani humwita usiku mtoto akiugua, huazimwa jembe, huombwa mbegu. Mtu aliyepewa shamba lote kwa nguvu za askari hulala macho wazi.

Wale waliokosa ardhi kabisa walijengewa vijiji vipya vilivyoitwa vijiji vya amani, kama kile cha Mutambara katika Rumonge. Nyumba zilipangwa kwa safu, na kwa macho zapendeza. Lakini Mrundi kwa desturi hukaa katikati ya shamba lake. Nyumba bila shamba karibu humfanya mkulima kuwa kibarua, ambaye kila asubuhi hutoka kutafuta wa kumwajiri.

Je, jamaa ile ilipofika ilihitaji nini kabla ya mengine yote? Ilihitaji shahidi. Ilihitaji mzee mmoja atokee, aseme mbele ya watu, Namjua huyu. Babaye alikaa hapa, na mpaka wake ulipita pale penye mnyaa. Maana kule watu huzungushia nyumba zao ua wa mnyaa, na mizizi yake hukaa miaka mingi, hata nyumba ikiisha kuanguka. Tena Warundi wana wazee waamuzi waitwao bashingantahe, ambao kazi yao tangu zamani ni kusikiliza pande mbili na kusema kweli bila upendeleo. Mahali wazee wa namna hiyo walipokuwako, wakawa hawaogopi wala hawali rushwa, shauri lilikwenda. Mahali walipokufa au walipotishwa, jamaa iliyorudi ilikuwa kama mti uliong'olewa: una mizizi, lakini hauna udongo. Mabati huweza kutoka nchi za mbali, lakini shahidi hutoka kwa jirani tu. Twaliita neno hili kubwa kuliko yote tunayowaambia leo.

Nanyi waalimu, sikieni la watoto. Watoto wa Mishamo walisoma kwa Kiswahili, kwa taratibu ya shule za Tanzania. Walipofika Burundi walikuta Kirundi na Kifaransa darasani. Kijana aliyekuwa karibu kumaliza darasa la saba akawekwa pamoja na wadogo zake, akaona haya, na wengine wakaacha shule kabisa. Huku kwetu walikuwa wameitwa Warundi, na kule wakaonekana kuwa watu wa Tanzania. Katika hali hiyo mwalimu mmoja mwenye subira ni kama mabati mia juu ya nyumba. Akimweka mtoto mgeni karibu na mwenye kujua Kirundi, akamwacha ajibu hesabu kwa lugha aijuayo huku akijifunza nyingine, amemjengea. Lakini akimcheka mbele ya wenzake amebomoa kilichobaki baada ya vita.

Habari hizi hazikukoma. Mwaka 2015 fujo zilitokea tena Burundi, na watu zaidi ya 400,000 wakaikimbia nchi, wengi wakaja kwetu mara ya pili. Na tangu mwaka 2017 makundi yao yamekuwa yakirudi. Basi yatupasa sisi tufanye nini?

Tulinde vitabu vyetu. Kitabu cha ubatizo chaandika jina la mtoto, la baba na la mama. Na cheti cha shule chaandika mwaka na darasa. Mtu akiondoka katikati yetu bila karatasi hizo, ameondoka bila ushahidi. Basi katekista na mwalimu wasimwambie aondokaye, Njoo kesho. Wamwandikie leo, kwa herufi zinazosomeka, na majina yasibadilishwe hata herufi moja. Maana huko aendako jina lililokosewa laweza kumpotezea shauri lake.

Tena tuwape jina lao waliobaki. Watu wapata 162,000 wa makao yale walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania mwaka 2010, na tangu mwaka 2014 wakapewa vyeti vyao. Watu hao si wakimbizi tena. Tukiendelea kuwaita hivyo sokoni na vilabuni, twawanyang'anya kwa ulimi kitu walichopewa kwa sheria.

Na jamaa ikija kwetu kuomba msaada, tusiwe wepesi wa kutoa nguo za zamani na kwenda zetu. Tuketi nao kwanza, tuulize: mna shamba? mnamjua nani hapa? watoto wamesoma darasa la ngapi na kwa lugha gani? nani wa kuwasemea kwa mwenyekiti wa kijiji? Jibu la maswali hayo ndilo litakaloonyesha msaada upi wafaa. Debe la mahindi ni la lazima, nasi tulitoe bila kunung'unika, lakini debe halimtambulishi mtu kwa jirani zake.

Ndugu wapendwa, vita huchoma nyumba kwa siku moja, bali jamaa hujengwa upya kwa miaka. Walioomba msaada hawakutaka kulishwa siku zote. Walitaka wapewe mahali pa kutia jembe, wapate mtu wa kusema kweli juu yao, na watoto wao wapokelewe darasani. Hayo matatu hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji majirani wasioogopa kushuhudia. Na tuwe watu wa namna hiyo katika kila kijiji cha parokia zetu.