Kilima Hakichipui

Juma hili nilikuwa sokoni hapa Shinyanga nikitafuta mchele. Mzee mmoja aliyeitambua sauti yangu akanishika mkono. "Mwanangu," akasema, "watu wamekuja kupima kile kilima chetu. Wanataka kokoto. Je, sisi tuna la kusema, au jiwe ni la mwenye leseni?"

Sikuweza kumjibu papo hapo. Leo najaribu.

Kwanza tuseme kweli. Kokoto tunazihitaji. Nyumba ninayolala ina zege, na zege haliji bila kokoto. Reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, yenye urefu wa kilomita 341, ilianza kujengwa mwaka 2021, nayo ni lazima ilale juu ya kokoto. Hata akina mama wanaoketi juani na nyundo mkononi, kwa kazi hiyo wanasomesha watoto. Kwa hiyo sisemi jiwe lisiguswe. Nasema tuchague jiwe la kugusa.

Mkoa huu unajua maana ya kupoteza. Misitu yetu ilifyekwa kwa ajili ya kufukuza mbung'o, ikafyekwa tena kwa ajili ya pamba, mifugo na kuni, mpaka watu wakaiita Shinyanga jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wataalamu hawakuja na jambo geni. Walirudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho ili nyasi na miti vipumzike. Dagashida zikaweka masharti, sungusungu wakayasimamia. Mradi ulipokwisha mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili. Mwaka 2002 dunia ilitupa tuzo kwa kazi hiyo.

Kisiki cha mti kikiachwa kipumzike, kinachipua. Kilima hakichipui. Kikishapasuliwa kwa baruti na kupakiwa kwenye malori, hakuna mradi wala mfadhili atakayekirudisha.

Anayetaka ushahidi aende Geita. Kule dhahabu ilichimbwa chini ya ardhi kuanzia mwaka 1936 hadi 1966. Mgodi mpya ulipofunguliwa mwaka 2000, uchimbaji ukawa wa mashimo ya wazi, na mojawapo ya mashimo hayo linaitwa kwa jina la Kilima cha Geita. Hebu fikiri, msikilizaji: jina ni la kilima, lakini lenye jina ni shimo. Dhahabu iliingizia taifa fedha za kigeni na watu walipata ajira, sibishi. Ila dhahabu iko pale ilipo, huwezi kuihamisha. Kokoto je? Mawe ya kokoto yametapakaa kote kwetu. Kwa nini basi tuanze na kilima ambacho watu hufanyia matambiko, ambacho chini yake maji ya mvua hukusanyika na ng'ombe hunywa?

Sasa jibu la mzee wangu. Kwa sheria zetu, madini yote ni mali ya umma, na jiwe la kujengea limo. Kumiliki shamba si kumiliki mwamba ulio chini yake. Lakini wananchi hawakuachwa mikono mitupu. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inataka idhini ya maandishi kabla ya kuchimba penye makaburi au penye heshima ya kidini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka athari zipimwe na wananchi wasikilizwe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi, na kilima chenye miti kinaweza kuwa ndani yake.

Tatizo letu ni kuchelewa. Tunaitisha mkutano mkuu wa kijiji siku baruti inapolia. Mkutano huo ungefanyika leo, muhtasari ukaandikwa, makaburi na mahali pa matambiko pakaonyeshwa kwenye ramani, sheria ndogo ikapelekwa halmashauri. Mwenye kuomba leseni angekuta kijiji kimekwisha sema, na pengine angeonyeshwa mwamba mwingine ambao hauna kaburi wala chemchemi.

Tusidanganywe pia na maneno ya "tutachukua upande mmoja tu." Wahenga walisema chovya chovya yamaliza buyu la asali. Lori moja leo, malori kumi kesho.

Tumezoea kusema kwamba milima haikutani, binadamu hukutana. Basi na tukutane sisi, kwa kuwa kilima hakiwezi kuja mkutanoni kujitetea.

Kwa leo naishia hapa. Mzee wangu wa sokoni, kama unanisikia, mwone mwenyekiti wako kesho asubuhi.