Nafasi Hununuliwa, Timu Hujengwa

Jina la Ninjas in Pyjamas ya Stockholm ni kubwa katika michezo ya kompyuta ya kulipwa. Kwenye Counter-Strike, mchezo wa kulengana risasi, mwaka 2014 ilitwaa ubingwa wa ESL One mjini Cologne. Lakini jina hilo halikuisaidia mwaka 2017, ilipoingia ligi kuu ya Ulaya ya League of Legends.

Haikupanda daraja kwa jasho lake. Fnatic Academy, timu ya pili ya klabu ya Fnatic, ndiyo iliyofuzu, ila Fnatic tayari ilikuwamo na mmiliki mmoja hakuruhusiwa kuwa na timu mbili ligini, hivyo nafasi ikauziwa Ninjas in Pyjamas. Wapenzi wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara walioona Ihefu ikigeuka Singida Black Stars mwaka 2024 hawatashangaa.

Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kuwaacha vijana walioipigania nafasi hiyo na kuunda kikosi kipya kabisa: Wakorea wawili, Profit na Nagne, pamoja na Shook, HeaQ na sprattel. League of Legends ni mchezo wa timu ya watu watano wanaozungumza mfululizo kwenye vipokea sauti: nani amejificha, nani arudi nyuma. Mwenzako akichelewa kukuelewa, hata kwa sekunde mbili, umeshakufa. Maelewano hayo hayaji kwa mkataba.

Ikamaliza mkiani mwa kundi lake, na kwenye mchujo ikashuka daraja. Ligi ilipofuta kupanda na kushuka daraja mwaka 2019 na kuuza nafasi za kudumu kwa timu kumi, Ninjas in Pyjamas haikuwemo.